Watu wa Kompyuta Hawaogi

Mjukuu wangu alikuwa na watu elfu kumi na mbili ndani ya kompyuta, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akioga. Jambo hilo nililigundua mimi, siku ya Jumatatu, kwenye meza yangu ya jikoni, huku nachambua maharage. Wahandisi sita wa ofisini kwao walikuwa wamewatazama watu wale miezi minane na hawakuliona. Lakini nikianza kujisifu mapema hivi mtanichoka kabla chai haijachemka, kwa hiyo ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mjukuu huyu ni mtoto wa binti yangu wa pili. Tunaishi naye ghorofa ya kwanza, vyumba viwili na jiko lenye dirisha moja linalotazama tangi la maji la mtaa. Namwita mke mwenzangu, ni haki yangu. Babu yake alipokuwa hai tulikuwa tukimgombania, mimi na meno yangu yote, yeye na mapengo mawili, na mara nyingi mwenye mapengo ndiye aliyeshinda. Sasa ni mwanamke mzima, ana shahada, ana miwani, na kazi yake ni foleni. Si kukaa kwenye foleni, maana hiyo kila mtu anaifanya bure. Yeye kazi yake ni kuitabiri. Anatakiwa aseme leo kwamba kesho asubuhi magari mangapi yatabanana pale kwenye mzunguko wa barabara kuu, na saa ngapi, na yatabanuka saa ngapi.

Nilipoambiwa mara ya kwanza nilimwuliza kama kuna mtu anayelipwa kutabiri usingizi wa mchana, nipeleke barua.

Jumatatu hiyo alirudi akajitupa kwenye kiti, miwani akaivua, akashika tama. Nikajua kuna jambo. Nikamtegea kitendawili, maana mtoto aliyenuna ukimwuliza kuna nini atakwambia hakuna kitu, lakini ukimtegea atajibu hata kama analia.

"Kitendawili."

"Bibi, leo sitaki."

"Kitendawili."

"Tega basi."

"Wote wamekimbia wasichelewe, na wote wamechelewa kwa sababu wamekimbia."

Akaniangalia kwa jicho moja. "Sijui."

"Nipe mji."

"Chukua ofisi ya bosi wangu. Na bosi mwenyewe ndani yake."

"Siuchukui, una harufu. Jibu ni foleni, mke mwenzangu. Wewe msomi wa foleni umeshindwa foleni!"

Akacheka kidogo, halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, nikaacha maharage. Ndipo aliponieleza. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Bosi alikuwa amempa mpaka Ijumaa saa tatu asubuhi. Ikifika saa hiyo hajaeleza ile nundu, modeli yake, yaani mji wake wa kompyuta, inatupwa na mkataba haurudiwi.

"Nundu ipi tena? Mnafuga ng'ombe?"

Akafungua kompyuta akanionyesha mchoro. Kuna mpira mweusi wamelaza barabarani pale watu wa mtaa wetu wanapotokea kwenda barabara kuu, gari likikanyaga linahesabiwa. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi mstari ulikuwa unapanda taratibu na kushuka taratibu, watu wanatoka nyumbani mmoja mmoja kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja na nusu. Lakini Jumanne na Ijumaa, hakuna mtu, hakuna mtu, hakuna mtu, halafu ghafla, saa moja kasoro dakika kumi, mtaa mzima unamwagika barabarani kwa pamoja. Hapo ndipo palipokuwa na nundu, na kweli ilikuwa nundu, ungeweza kuikata ukachoma.

"Na hawa watu wako wa ndani wanasemaje?"

"Wao hawana nundu. Jumanne na Jumatano kwao ni sawa."

"Hebu nieleze, hao watu wako wanaishije?"

Akavuta ungo wangu, akachukua haragwe moja akaliweka mezani. "Huyu ni mtu. Anatakiwa kazini saa mbili. Akifika mapema mno anakaa bure kwenye ngazi za ofisi, hiyo ni kero. Akichelewa anafokewa, hiyo ni kero kubwa zaidi. Akikaa kwenye foleni, kero ya tatu. Kila asubuhi anajumlisha kero zake, anachagua saa ya kutoka yenye kero ndogo kuliko zote. Akiumia leo, kesho anabadilisha. Nawaendesha siku mia mbili hivyo, mpaka wote watulie, asiwepo anayeona faida ya kubadilisha saa yake."

"Na wametulia?"

"Wametulia vizuri sana, Bibi. Shida ni hawa watu wa kweli."

Nililitazama lile haragwe. Lilikuwa limekaa mezani limenyooka, limeamka, limeshajumlisha kero, linakwenda kazini. Kuna kitu hakikuniingia akilini.

"Huyu anaamka saa ngapi?"

"Hiyo sijaweka. Anaanzia mlangoni."

"Anaoga saa ngapi?"

"Haogi, Bibi. Ni nukta."

"Wote elfu kumi na mbili?"

"Wote."

"Basi ndiyo maana wanatoka saa yoyote wanayotaka! Mchafu hana ratiba. Mke mwenzangu, maji ya bomba mtaani hapa yanatoka siku gani?"

Hakujua. Msomi wa watu, anaishi hapa tangu azaliwe, hakujua. Na kosa ni langu, nakiri. Kila asubuhi anaamka anakuta ndoo imejaa, nusu yake ya moto, imefunikwa kwa sahani. Anadhani maji yanaota ndani ya ndoo kama uyoga. Nikamwambia. Jumanne na Ijumaa. Siku hizo mbili hakuna anayetoka kwake kabla koki hazijatoa maji, maana usipojaza vyombo siku hiyo, unakaa mkavu siku tatu. Unasubiri, unajaza, unaoga, unafua kidogo, halafu ndipo unatoka. Na kwa kuwa maji ni ya wote, wote mnamaliza pamoja.

Alilirudisha haragwe kwenye ungo. Halafu akaanza kubonyeza kompyuta mbio mbio, akaacha.

"Haitoshi," akasema. "Miaka mitatu iliyopita Jumanne na Ijumaa zilikuwepo, na maji yalikuwepo. Lakini tazama." Akanionyesha mchoro wa zamani. Nundu ilikuwepo, ila ilikuja saa kumi na mbili kasoro kidogo, barabara kuu ikiwa bado tupu, ikapita bila kumkera mtu. "Halafu mwaka ule, mwezi wa saba, ikahama. Saa nzima. Kwa nini? Nikimpelekea bosi maji peke yake, atanikalia na hilo swali mpaka nilie mbele ya watu."

"Anayefungua maji ni Bwana Koki. Kesho nitamwuliza."

"Bibi, uulize vizuri. Usigombane."

"Mimi? Nigombane?"

*

Bwana Koki jina lake la kuzaliwa nadhani hata yeye hulisoma kwenye kitambulisho. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mkubwa wa mwili, mabuti ya mpira usiku na mchana. Anakaa kwenye kibanda chini ya tangi, na kazi yake ni kuzungusha gurudumu la koki kubwa siku za maji. Jumanne nilisubiri watu wajaze ndoo zao, waoge, wamwagike, nikashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kugombana."

"Karibu. Kaa kwanza, ugomvi wa kusimama unaumiza magoti." Akanifutia ndoo iliyofudikizwa, nikakaa.

"Siku za maji unafungua saa ngapi?"

"Ukiwasha taa."

"Nikiwasha taa ipi?"

"Ya jikoni kwako." Akanionyesha kwa kidole. Kutoka kibandani pake dirisha langu linaonekana wazi, na pazia langu, na chungu changu. Nikaona aibu ya pazia. "Ikiwaka, nafungua. Mwaka wa ishirini huu."

"Wewe huna saa?"

"Ninayo." Akanyoosha mkono, kweli saa ipo, nzuri kuliko ya ukutani kwangu. "Hii inaniambia ni saa ngapi. Haiwezi kuniambia kama umeamka."

"Na kuamka kwangu kunakuhusu nini?"

Bwana Koki akanitazama kwa masikitiko. "Mama, umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Ikabidi anikumbushe, na alinikumbusha taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenziwe nguo aliyoiacha kwake. Mwaka alioanza kazi alifungua maji saa tisa na nusu alfajiri. Mimi nilikuwa nimeacha koki yangu wazi, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza kwenye bomba. Maji yakajaa jikoni, yakatoka mlangoni, yakashuka ngazi, yakaingia kwa fundi cherehani wa chini na kulowesha suti ya bwana harusi siku ile ile ya harusi.

"Ukashuka na mwiko mkononi," akasema Bwana Koki. "Watu wote wanatazama. Ukaniambia, siku nyingine nikifungua maji kabla sijaona taa yako, utanitumbukiza mle tangini na kufunika. Mama, mimi sijui kuogelea."

"Lakini nilikuwa na hasira tu!"

"Mimi nitajuaje? Ulikuwa na mwiko."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akacheka kwa adabu, jicho moja kwenye mikono yangu. Halafu nikaacha kucheka.

Mwezi wa saba, miaka mitatu iliyopita.

Mume wangu alikuwa mwoka mikate. Alitakiwa kuwa mbele ya tanuri saa kumi na moja na robo, kwa hiyo kwa miaka yote ile niliwasha taa ya jikoni saa kumi na nusu nikamchemshia chai. Hakunywa chai iliyopoa, wala hakunywa iliyochemshwa na mwingine. Alipofariki, mwezi wa saba, hakukuwa tena na wa kumwashia taa. Nikaanza kulala mpaka saa kumi na moja na nusu. Na mjukuu anaoga baadaye, hana haraka. Nililala saa moja zaidi, basi, sikuona kama nimemwibia mtu.

Kumbe mtaa mzima ulikuwa umelala nami. Kumbe watu wa mtaa huu walikuwa wamekaa na ndoo tupu wakisubiri mjane aone sababu ya kuamka, halafu wakimbilie barabarani wakati watu wa mbali nao wameshafika, wabanane, watukanane, wachelewe. Kila Jumanne na kila Ijumaa. Miaka mitatu.

"Mama, nimesema vibaya?"

"Hapana, baba. Umesema sawa."

*

Nilimweleza mjukuu jioni hiyo. Sehemu ya babu yake nilitaka kuiruka, lakini mwenyewe alifika hapo kabla yangu. Aliangalia mwezi kwenye mchoro, akaniangalia, akasogeza kiti chake karibu na changu. Halafu akapenga kamasi, akavaa miwani, akaniomba ruhusa ya kuniingiza kwenye kompyuta.

"Nikiingia humo nitaoga?"

"Utakuwa taa tu, Bibi. Taa haiogi."

Akaniweka. Taa ikiwaka saa fulani, maji yanafika nyumba ya mwisho baada ya dakika arobaini, nyingine arobaini za kuoga na kujaza, ndipo haragwe linaruhusiwa kwenda kujumlisha kero zake. Akawaendesha. Nundu ikachomoza palepale pake, saa moja kasoro dakika kumi, kama imemwagiwa samadi. Akabadilisha taa, saa kumi na nusu, nundu ikarudi saa kumi na mbili kasoro kidogo. Alipiga kelele mpaka mwalimu wa hesabu wa mlango wa pili akagonga ukuta.

Jumatano alimpelekea bosi wake. Akarudi amenywea.

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Unaniambia foleni ya barabara kuu ya jiji hili inasababishwa na bibi yako?'"

"Ukamjibuje?"

"Nikasema ndiyo, Jumanne na Ijumaa. Akasema michoro ya zamani kila mtu anaweza kuilinganisha na anachotaka, hata na mwezi. Anataka kuona jambo likitabiriwa kabla halijatokea."

Kwa hiyo ikapangwa hivi. Ijumaa mimi niwashe taa saa kumi na nusu, kama zamani. Nundu ingehama mapema, barabara kuu ingekuwa nyeupe, na saa tatu bosi akija ofisini angeonyeshwa hesabu za mpira mweusi. Mjukuu alinipa masharti kana kwamba mimi ndiye niliyezaliwa juzi.

"Saa kumi na nusu kamili, Bibi. Usiwashe kabla, usiwashe baada. Wala usimwambie mtu, wakijua watabadilisha mambo yao. Hili ni jaribio, si mapishi, usiongeze kitu kwa kuonja."

"Nimewasha taa hiyo miaka arobaini bila shahada."

"Najua. Lakini siku hizi unapenda usingizi."

Hilo ndilo lililoniponza. Kwa kuogopa kupitiwa, sikulala kabisa. Saa tisa nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti cha jikoni, shuka mabegani, nimeitazama saa ya ukutani kwa mwanga wa simu. Taa sikugusa, nimeambiwa nisiguse. Nilikaa gizani kwangu mwenyewe kama niliyekuja kuiba sufuria. Saa kumi gari la ofisi likamchukua mjukuu kwenda mzungukoni kuhesabu. Akapita jikoni akanibusu utosini.

"Usisinzie."

"Nenda zako huko."

Nakumbuka saa kumi na dakika kumi. Nakumbuka nikijitegea vitendawili ili nikae macho. Nakumbuka nikijiambia nifumbe macho kidogo tu, yapumzike, masikio yatazame saa.

Kilichoniamsha ni kilio.

Kilikuwa kilio cha mwanamume, kizito, cha kutoka tumboni. Sikufumbua macho mara moja. Nilifikiri naota msiba wa mtu. Nikasikia sauti ya mwalimu wa hesabu ikisema, "Poleni jamani, alikuwa mama wa watu." Fundi cherehani akasema, "Tena amekufa amekaa. Heshima hiyo." Mwanamke mmoja akauliza viti vitatosha au viazimwe mtaa wa pili. Halafu mkono mkubwa, wenye ubaridi wa chuma, ukashika unyayo wangu, na yule mwenye kilio akasema, "Taa haikuwaka. Nilisubiri, nikasubiri. Nikajua. Mama ametutoka!"

Nikafumbua macho.

"Nani amekuruhusu kuingia na mabuti ya tope jikoni kwangu?"

Sijawahi kuona jiko likibaki tupu haraka namna ile. Mwalimu wa hesabu alikuwa na taulo shingoni na mswaki mkavu mdomoni, aliumeza nusu. Ndoo tupu ziliteremka ngazi zenyewe, moja baada ya nyingine, kwa kelele kama za harusi. Fundi cherehani baadaye aliapa kwamba yeye hakukimbia, alikwenda kuita msaada, na msaada ulikuwa mbali. Aliyebaki ni Bwana Koki, amepiga magoti, unyayo wangu bado mkononi, machozi yanamwagika hadi kidevuni.

"Mama, u mzima?"

"Nilikuwa mzima mpaka uliponishika na mkono wa barafu. Saa ngapi saa hizi?"

"Saa kumi na mbili na dakika ishirini."

"Na maji?"

"Maji gani? Nifungue maji juu ya maiti?"

"Kafungue, baba! Kimbia!"

Hakusogea. Nilimtazama, akanitazama, akatazama juu, akatazama swichi ukutani.

"Bwana Koki, unaniona niko hai. Nasema. Nafoka."

"Naona, mama. Lakini ulisema taa."

Nikainuka, nikawasha taa. Ndipo akatoka mbio, mabuti yakipiga ngazi. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano kwa saa yangu, na huko nje giza lilikuwa limeshaondoka, taa ile haikumulika chochote isipokuwa aibu yangu.

Nilikaa na simu mkononi. Mtoto ana siku moja ya kuokoa kazi yake, na mimi nimeilalia. Nikapiga.

"Bibi! Barabara tupu! Hata gari moja la mtaa wetu halijapita, kumetokea nini?"

"Mke mwenzangu," nikasema, "nimesinzia."

Nilisikia upepo wa kule alipo, na injini za magari ya watu wa mbali. Nilitaka kumwambia mengi, kuhusu giza, kuhusu kiti, lakini hakuna hata moja lililokuwa na faida kwake.

"Taa imewaka?" akauliza.

"Sasa hivi."

"Saa ngapi hasa? Kwa dakika."

"Kumi na mbili na ishirini na tano."

Nikasikia vidole vikibonyeza. Tiki tiki tiki. Halafu vikatulia. "Mungu wangu," akasema, lakini si kwa kilio. "Bibi, hii itakuwa mbaya sana. Itakuwa mbaya vizuri kabisa." Akakata.

Kilichofuata nilisimuliwa, lakini nimesimuliwa mara nyingi mpaka naona nilikuwepo. Saa mbili kasorobo mtaa wetu ulimwagika wote kwa mara moja, umeoga, umekasirika, na unanizungumzia. Wakati huo barabara kuu ilikuwa imejaa watu wa mbali, wa shule, wa ofisi. Palishonana. Foleni ikarudi nyuma kutoka mzungukoni, ikapita kituo cha mafuta, ikapita soko, ikafika kwenye nyumba nzuri nzuri zenye maua ukutani, ambako watu hutoka kwa nafasi zao. Ndani ya gari moja la huko, amekaa kiti cha nyuma na gazeti, alikuwemo bosi.

Saa mbili na dakika kumi bosi akampigia mjukuu.

"Kikao chetu kinaahirishwa. Nimekwama. Sijawahi kuona kitu kama hiki."

"Uko wapi hasa, mzee?"

"Inakuhusu nini? Mbele ya kituo cha mafuta, karibu na bango la godoro."

Tiki tiki tiki. "Utapita mzunguko saa tatu na dakika tano," mjukuu akasema. "Foleni yote itakwisha saa tatu na nusu."

"Nani kakwambia?"

"Watu wangu, mzee. Siku hizi wanaoga."

Bosi akakata simu kwa hasira. Lakini dereva wake, ambaye ni mtu mzuri na ndiye aliyetuletea habari, anasema tangu hapo bosi hakusoma gazeti tena. Alivua saa mkononi akaishika mbele ya macho. Gari likisogea, anaitazama. Ilipofika saa tatu na dakika tano walikuwa bado nyuma ya lori la mchanga, bosi akatabasamu, akasema, "Tumemkamata." Dakika mbili baadaye lori likasogea. Walipita mzunguko saa tatu na dakika saba, na mjukuu wangu alikuwa amesimama pembeni amevaa koti la kung'aa, anawapungia mkono.

Bosi akashusha kioo. "Umekosea dakika mbili."

"Lori la mchanga sikuliweka."

Akamtazama, honi zinalia nyuma yake. "Na bibi yako hajambo?"

Mkataba umerudiwa, miaka miwili. Kwenye ripoti, ukurasa wa tisa, kuna maneno niliyosomewa mara tatu kwa ombi langu: "taa ya jikoni, ghorofa ya kwanza". Nimeomba wanitolee nakala niiweke kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Majirani nimewaomba radhi mlango kwa mlango. Wengi walinisamehe, mwalimu wa hesabu alitaka kwanza nithibitishe kwamba ule mswaki haukuwa na madhara, na fundi cherehani bado anasema alikwenda kuita msaada.

Ofisi ya maji nayo ikaandikiwa, ikamwandikia Bwana Koki, barua yenye mhuri: afungue saa kumi na nusu, kwa saa. Aliisoma barua yote, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya kikombe chake isilowe. Jumanne iliyofuata akasimama mlangoni pa kibanda, ananitazamia dirishani. Nikajua hapo hakuna barua itakayonisaidia. Mtu niliyemtisha kwa mwiko ni wangu mpaka siku ya kufa kweli.

Kwa hiyo naamka. Jumanne na Ijumaa, saa kumi na nusu, nawasha taa, na kwa kuwa nimeshaamka nachemsha chai. Vikombe viwili, mkono umezoea hivyo. Kimoja nakishusha kibandani kikiwa bado moto. Bwana Koki anakipokea kwa mikono miwili na hakinywi mpaka nimeondoka.

Juzi nilimtegea mjukuu kwa simu, akiwa kazini kwake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Akilala wanasimama, akiamka wanakwenda."

"Taa za barabarani."

"Nipe mji."

"Chukua jiji lote, Bibi, si lako tayari?"

Nikalichukua. Ila kuna Ijumaa magoti yanagoma, au nimemwota babu yake na sitaki kumwacha, nachelewa robo saa. Simwambii mtu. Lakini kule ofisini mpira mweusi unahesabu, nundu inachelewa robo saa, na saa moja haijafika simu yangu inalia.

"Bibi, u mzima?"

"Mzima. Kwani?"

"Hamna. Mstari wako umechelewa, nikasema nikusikie."